Kanda ya Kumi na Saba

Jumatatu, 7 Oktoba. Kirumba, Mwanza

Nasma kanipa daftari hili asubuhi. Anasema mwalimu wake chuoni, Dkt. Shigela, anataka kila anayeshiriki utafiti aandike alichoona, hata dereva. Dereva ni mimi. Basi naandika.

Naitwa Seif Abubakary, fundi wa injini za mitumbwi, miaka hamsini na tisa. Nasma ni binti yangu wa mwisho, yuko mwaka wa tatu chuo kikuu, anasomea Taaluma za Afrika. Alipoichagua hiyo nilitaka aende ufamasia, alama zilikuwa zinatosha. Tulikaa wiki nzima hatusalimiani vizuri. Rafiki yangu Venant, tunayepakana karakana, hadi leo akimwona humuuliza, "Mwanangu, Afrika umeshaimaliza kuisoma? Maana sisi tunaishi humu na bado hatujaielewa." Watu hucheka. Na mimi nimekuwa nikicheka.

Kazi yenyewe ni hii. Mwaka 1963 mzungu mmoja alipita Kisesa na vijiji vya jirani akiwa na mashine ya kurekodi, akachukua nyimbo arobaini na moja. Kanda zikaenda Ulaya, zikakaa kwenye chuo kimoja huko miaka sitini. Sasa wamezitia kwenye kompyuta, wanataka kuziweka mtandaoni dunia nzima isikie. Ila hawajui walioimba ni akina nani. Nasma anatakiwa awatafute wao au watoto wao, apate majina, na apate sahihi kwenye fomu ya ridhaa. Wageni watafika mwisho wa Novemba. Kuna nafasi moja ya kwenda kusoma shahada ya pili hukohuko, kila kitu juu yao, na wanaoigombea ni wawili: Nasma, na kijana mwenzake Jonathan aliyepewa kanda za upande wa Sengerema.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa hiyo elimu. Nikamkabidhi karakana Iqbal, mtoto wa dada yangu, hadi Desemba. Nikabadilisha tairi la nyuma la pikipiki.

Jumatano, 9 Oktoba

Kisesa. Nyumba sita. Hakuna anayejua lolote. Vumbi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Kisesa tena. Nyumba nne. Mzee mmoja alidhani tunaandikisha wapiga kura, akatufukuza.

Jumamosi, 12 Oktoba

Leo tumepata wa kwanza. Tulisimama kwenye mashine ya kusaga ya mzee mmoja anaitwa Ngosha. Nasma akaweka spika yake ndogo juu ya gunia, akapiga kanda ya tatu, wimbo wa kulima. Mashine inanguruma, mimi mwenyewe sikusikia kitu. Ngosha akainua kichwa. Akamfokea kijana wake, "Zima mashine! Zima!" Injini ikanyamaza. Akasogea hadi sikio likagusa spika.

"Huyu ni baba yangu," alisema. "Alikuwa manju. Ndiye anayeanzisha, wenzake wanaitikia."

Akataka tuirudie mara nne. Wanawake waliokuja kusaga wakaacha ndoo zao, wakaanza kuitikia mle mle wimboni, na mmoja akamsahihisha Nasma neno la Kisukuma aliloandika vibaya. Nasma alikaa chini kwenye unga, akauliza swali moja, kisha akanyamaza. Mimi ningekuwa nimeshauliza kumi. Ngosha alijaza ule ukimya kwa saa nzima. Alitutajia watu wengine sita.

Kisukuma chote hicho kakipata kwa mama yake, Mboni, ambaye kwao ni Magu. Nilikuwa najua anakijua. Sikujua anakijua namna ile.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mvua ya kwanza. Hatukwenda.

Jumamosi, 19 Oktoba

Sahihi kumi na moja. Mvua ilitukuta njiani tukajibanza kwenye kibanda cha fundi baiskeli. Nikamuuliza jambo ambalo miaka mitatu sijamuuliza kwa upole: hasa wanafundishwa nini huko?

Akanieleza habari za watu weusi wa Marekani na Brazili, wale ambao wazee wao walisombwa kwa meli za utumwa. Akasema wako wanaotafuta jina la kijiji tu, kijiji kimoja, kilikotoka ukoo wao, na hawalipati. Wanapima damu, wanasoma orodha za mizigo. "Wangepata sauti ya nusu dakika, baba, wangelia. Sisi sauti tunazo, zimo kwenye kabati la watu, na miaka sitini hakuna aliyetuuliza kama tunazitaka."

 Nilifuta plagi ya pikipiki ingawa haikuwa imelowa.

Jumamosi, 26 Oktoba

Ngosha alitutuma kwa Mama Dorcas, mjane wa miaka sitini na nane, nyumba ya bati karibu na barabara iendayo Magu. Nasma akapiga goti, akamwamkia mama kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu." Alitupokea vizuri sana. Akatuletea chai na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa vikachemshwa, akamuuliza Nasma ukoo wa mama yake. Alipousikia akaanza kumwita mwanangu.

Kwenye orodha ya Ulaya kanda ya kumi na saba imeandikwa hivi: "Mwanamke akimbembeleza mtoto. Kisesa." Nasma akaiwasha. Ilitoka sauti ya mwanamke, ya chini, bila ngoma, bila wa kuitikia. Haikufika nusu dakika, Mama Dorcas akaweka kikombe chini.

"Zima."

Nasma akazima.

"Mmeitoa wapi hiyo?"

Nasma akaeleza yote, kama anavyowaeleza wengine. Mama akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Tulingoja hadi chai ikapoa. Mwishowe jirani yake, mzee Shimba, aliyekuwa anatengeneza plau upande wa pili wa uzio wa minyaa, akatuambia kwa sauti ya taratibu, "Leo nendeni tu."

Nilimwambia Nasma asukumie fomu chini ya mlango. Hakusukuma.

Jumanne, 29 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Sahihi ishirini na mbili.

Jumamosi, 2 Novemba

Mama Dorcas mwenyewe alimpigia Nasma simu, akasema njooni leo, Shimba kaenda mnadani. Alitukaribisha ndani, si barazani kama mara ya kwanza.

"Ule si wimbo wa kubembeleza mtoto," alisema. "Yule ni mama yangu, Kabula. Kabla yangu alizaa wa kiume. Mtoto akapata homa. Baba yuko safari. Shemeji yake alikuwa na gari la ng'ombe. Mama akampigia magoti afunge ng'ombe, wamkimbize mtoto hospitali. Akakataa. Alisema ng'ombe wametoka kulima, wamechoka. Mtoto akafa alfajiri."

Alikuwa anazungumza kama mtu anayesoma barua.

"Mama hakumsema yule mtu kwa yeyote. Si kwa baba, si kwa ndugu zake. Alimsema kwenye ule wimbo tu, peke yake jikoni, anasaga mtama. Humo anamtaja jina lake na la baba yake."

"Na huyo shemeji sasa?" niliuliza.

"Ni baba yake Shimba."

Sote tukatazama dirishani, kwenye minyaa. Shimba ndiye anayemlimia shamba kila mwaka. Ndiye aliyesimamia mazishi ya mumewe. Wajukuu wa nyumba hizo mbili wanakula sahani moja.

"Yule mzungu alikaa nje kwenye kigoda na sanduku lake. Nilikuwa na miaka saba, nilimwona. Nani alijua kwamba kile chombo kinasikia hadi jikoni? Mama hakujua hadi anakufa. Sasa niweke sahihi, dunia imsikie Kabula anavyolia? Wale watoto wa Shimba wafungue simu wamsikie babu yao anavyotajwa? Hapana, mwanangu. Hiyo kalamu yako irudishe mkobani."

"Sawa, mayu," alisema Nasma, akairudisha.

Sawa! Basi. Hakubembeleza, hakusema tutapita tena. Njia nzima hadi Kirumba nilikuwa na hasira, nikaingia mashimo ambayo huwa nayakwepa.

Ijumaa, 8 Novemba

Thelathini na tatu.

Alhamisi, 14 Novemba

Arobaini! Wa mwisho alikuwa kipofu, aliweka dole gumba na akaimba ubeti ambao hata kwenye kanda haumo. Imebaki ile moja.

Ijumaa, 15 Novemba

Mratibu wa Ulaya kaongea na Nasma kwa video, nami nilikuwa pembeni. Ni mwanamume wa makamo, anajua Kiswahili cha vitabuni. Jonathan keshamaliza kanda zake zote, alisema. Kisha: "Hii ya kumi na saba ndiyo lulu ya mkusanyo. Hakuna nyingine kama hii."

"Mwenyewe amekataa," alisema Nasma.

"Mwenyewe ni marehemu. Fomu inasema ndugu yeyote wa damu. Tafuta ndugu mwingine."

"Aliye karibu zaidi ndiye aliyekataa."

"Nasma, mimi nakutakia mema," alisema yule bwana, na nadhani kweli alikuwa anamtakia. "Una wiki mbili."

Nasma akafunga kompyuta, akaenda kumsaidia mama yake kuanua nguo. Mimi nilibaki na yale maneno mawili: ndugu yeyote.

Jumatatu, 18 Novemba

Igogo, kutafuta vipuri.

Jumatano, 20 Novemba

Jumatatu niliandika uongo humu.

Nilikwenda Igogo, ni kweli, lakini kwa Revocatus. Ana duka la vipuri, nimenunua kwake miaka kumi. Ni mtoto wa marehemu kaka yake Mama Dorcas, aliwahi kunitajia shangazi yake wa Kisesa, na Kabula ni bibi yake mzaa baba. Nilichomoa fomu moja tupu kwenye mkoba wa Nasma. Nilimwambia Revocatus ni mambo ya chuo, wimbo wa zamani wa bibi yako, sahihi tu hapa. Akauliza, "Hapa?" Akaweka, huku anamhudumia mteja wa mafuta ya injini.

Siku mbili nilikaa nayo. Leo baada ya chakula cha mchana nikaiweka mezani mbele ya Nasma. Nilidhani atanirukia shingoni.

Akaisoma. Akaisoma tena.

"Alisikiliza wimbo?"

"Nani?"

"Revocatus, baba. Kabla ya kuweka sahihi, aliusikiliza?"

"Alikuwa na wateja."

"Ulimwambia kama shangazi yake amekataa?"

Nikatikisa kichwa. Yeye hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Yule mzungu alikaa nje ya jiko la Kabula, akachukua bila kuomba. Miaka sitini. Sasa wewe umechukua tena, na safari hii mwenyewe alishasema hapana, ukiwa umekaa ndani mwake, umemsikia kwa masikio yako."

"Nimekuchukulia wewe!" nilisema. "Nani atakupa kazi hapa kwa hiyo shahada yako? Nani? Wewe unataka urudi uuze maandazi na cheti ukutani, Venant anicheke mpaka nife?"

"Kumbe ni Venant," alisema, akainuka.

Mboni alikuwa mlangoni muda wote. Mke wangu si mtu wa maneno mengi. "Seif," alisema, "mimi nilitaka aende huko Ulaya kuliko wewe ulivyotaka. Kila swala namwombea. Lakini hiyo karatasi itoe nyumbani kwangu."

Nimekaa karakana hadi jioni nimeshika bisibisi na sikufungua hata skrubu moja. Si Venant. Venant anatania, ndivyo alivyo, hata msibani anatania. Ni mimi. Miaka mitatu binti yangu amekuwa akija nyumbani na vitabu na sikuwahi kufungua kimoja. Nilikuwa nikimngojea ashindwe ili nionekane nilisema. Halafu ilipotokea nafasi ya kwenda Ulaya, nikataka ashinde kwa njia yoyote, ili nionekane vilevile. Kote huko yeye hayumo.

Alhamisi, 21 Novemba

Hatuzungumzi.

Jumamosi, 23 Novemba

Nilikwenda Kisesa peke yangu. Mvua kubwa, pikipiki iliniangusha mara moja, si sana. Mama Dorcas alinikuta barazani ninachuruzika matope. Nikamwamkia kama kawaida, nikampa ile fomu, nikamwambia yote bila kupunguza.

Alisoma polepole, kidole juu ya mstari.

"Revocatus hajakanyaga hapa tangu amzike baba yake," alisema. "Binti yako kakutuma?"

"Hajui kama nimekuja."

"Uliogopa nini?"

Nikasema nilichokuwa sijakisema hata kwa mke wangu, kwamba naogopa atasoma hadi mwisho na hapatakuwa na pa kwenda.

Alinirudishia karatasi. "Ichane wewe. Wewe ndiye uliyeileta."

Nikaichana pale pale, vipande vidogo, nikavitia mfukoni. Alipoona nawasha pikipiki akasema, "Mwambie akisimama mbele ya hao wageni asinieleze kama mgonjwa, kwamba mama wa watu ana uchungu, sijui nini. Aseme tu nimekataa. Akili zangu timamu."

Nilipofika nilimpa Nasma ujumbe huo kama ulivyo. Alitazama yale matope. "Umeumia goti," alisema. Akaenda kuchemsha maji.

Alhamisi, 28 Novemba

Wageni wamefika, wanne, pamoja na mkuu wa maktaba ya kile chuo chenye kanda, mama mmoja mrefu mwenye nywele nyeupe. Ukumbi wa chuo ulijaa. Mimi na Mboni tulikaa safu ya nyuma. Jonathan alitangulia, kanda thelathini na nane, sahihi thelathini na nane, makofi.

Nasma akasimama. Alipiga vipande vichache, kile cha babake Ngosha kimojawapo, akaeleza kila mwimbaji alikuwa nani, alilima wapi, nani amebaki. Halafu akasema:

"Nyimbo arobaini zimepata wenyewe. Ya kumi na saba nayo imepata mwenyewe, na mwenyewe amekataa. Si wimbo wa kubembeleza mtoto kama ilivyoandikwa. Ni nini, sitasema, kwa sababu hakunipa ruhusa. Ninaomba uondolewe kwenye orodha ya wazi, maelezo yale ya uongo yafutwe, na familia ipewe nakala yake."

Mratibu akamwambia kwa upole kwamba fomu ya mradi haina sehemu ya kukataa.

"Nimeona," alisema Nasma. "Ndiyo maana nimekuja na nyingine." Akagawa karatasi alizopiga chapa mwenyewe, Kisukuma na Kiswahili, zenye ndiyo na hapana, na mstari wa kueleza nani asikie na nani asisikie.

Yule mama mwenye nywele nyeupe akauliza, Dkt. Shigela akatafsiri: "Na kama wote arobaini na mmoja wangekataa?"

"Basi leo ningesimama hapa kuwaambia kwamba wote wamekataa."

Hakuna aliyepiga makofi. Aliketi.  Mboni alinishika mkono, jambo ambalo hajalifanya hadharani tangu tuoane.

Alhamisi, 5 Desemba

Nafasi amepewa Jonathan. Nasma alikuwa wa kwanza kumpigia kumpongeza, kisha akalala mchana kutwa, na Mboni akamwacha alale.

Jumatatu, 9 Desemba

Dkt. Shigela alikuja nyumbani mwenyewe. Maktaba ya Ulaya imeifunga kanda ya kumi na saba, na nakala imeshatumwa. Kisha akasema ziko nyingine mia tatu na kitu, za Ukerewe na visiwani, hazina hata jina moja. Wameandika wanataka mtu wa kuzitafutia wenyewe, miaka miwili, akiwa na meza yake hapa hapa Mwanza, na wamemtaja Nasma kwa jina.

Nasma hakushangilia. "Kwa fomu ipi?"

"Yako," alisema Dkt. Shigela.

"Na wakikataa wengi?"

"Utaandika wamekataa wengi."

"Basi nitaanza Januari. Sijui Kikerewe. Nitahitaji mwalimu kuanzia wiki hii."

Venant kaniuliza leo karakana, "Kwa hiyo kazi yenyewe ndiyo hiyo? Kuuliza watu?" Nikamwambia ndiyo, na aje siku moja aone inavyofanywa, kwa sababu mimi nilijaribu na nikaiharibu. Akangoja nicheke. Sikucheka.

Jumamosi, 14 Desemba

Tumempelekea Mama Dorcas nakala yake, kwenye redio ndogo ya memori kadi. Nasma akamfundisha pa kubonyeza, mara tatu, kisha tukatoka, tukaenda kusimama mbali, barabarani, tusikoweza kusikia. Shimba alikuwa shambani na ng'ombe wake, analima. Akatupungia mkono.

Tulisimama kama saa nzima. Wingu lilikuwa limeziba upande wote wa ziwa.

Alipotoka alikuwa amenawa uso. Akatuita kwa mkono.

"Mliifikisha mwisho?"

"Hapana, mayu," alisema Nasma. "Uliposema zima, nilizima. Sijaiwasha tena."

"Mwishoni kabisa, mama akishanyamaza, kuna mtoto anacheka." Alianza kutabasamu, akajizuia, ikashindikana. "Ni mimi. Nilikuwa namcheka mzungu, alikuwa kakalia kigoda kidogo, magoti yamefika masikioni. Mama ananiambia, 'Njoo ndani, acha kumcheka mgeni.' Ananiita kwa jina langu la utotoni. Sijalisikia tangu amekufa."

Nasma alibaki amesimama, mikono mitupu. Mkoba aliuacha kwenye pikipiki.

"Kalete ile kalamu yako," alisema Mama Dorcas. "Wimbo usiandike. Lakini pale walipoandika uongo wao, andika hivi: binti yake Kabula alikuwepo, alikuwa na miaka saba, na alikuwa anacheka."

Nasma alikimbia kuifuata. Aliandika amesimama, karatasi juu ya tanki la pikipiki, na alipomaliza akamsomea Mama Dorcas kwa Kisukuma, neno kwa neno, mpaka akasema sawa.